Kupe Nyumbani: Tumtibu Mbwa, Tuitibu na Nyumba

Katika toleo hili tumechagua jambo ambalo vikundi vingi hutuuliza tunapotembelea kaya, iwe ni kwenye vihamba vya Kilimanjaro au katika mitaa ya mijini: kupe wa mbwa ambao wameingia ndani ya nyumba wanamoishi watu.

Malalamiko huwa yanafanana. Mwenye mbwa amenunua dawa, amemwogesha mbwa wake, kupe wamekufa na kudondoka. Baada ya wiki mbili au tatu wamerudi tena, pengine wengi kuliko mwanzo. Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaokata tamaa wakamfukuza mbwa au kumuua, ingawa ndiye aliyekuwa akilinda kuku na ng'ombe usiku. Wapo wanaoamini kuwa dawa ni dhaifu, wakaizidisha makali mpaka ikawa hatari kwa watoto na kwa mbwa mwenyewe. Makundi yote mawili yamekosea mahali pamoja: yanamtafuta kupe juu ya mbwa, kumbe kupe walio wengi hawako juu ya mbwa. Wako kwenye nyufa za ukuta, chini ya godoro, kwenye banda na nyuma ya mlango.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili tunatarajia kila mshiriki aweze:

(a) kueleza maisha ya kupe wa mbwa tangu yai hadi utu uzima;
(b) kumtibu mbwa kwa usalama bila kuwadhuru watoto, paka, kuku na maji;
(c) kupanga ratiba ya miezi mitatu ya kusafisha mbwa, nyumba na uwanja kwa pamoja.

1. Tumfahamu kupe wa mbwa

Kupe si mdudu wa jamii ya nzi au kunguni. Yuko karibu zaidi na buibui, na ndiyo maana kupe mkubwa ana miguu 8. Wapo kupe wa aina nyingi, lakini anayesumbua ndani ya nyumba zenye mbwa mara nyingi ni kupe wa kahawia wa mbwa. Huyu ana tabia inayomtofautisha na kupe wengi wa malishoni: anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya nyumba au banda bila kukanyaga majani.

Maisha yake yana hatua nne. Kwanza ni yai. Yai likianguliwa hutoka kupe mchanga mwenye miguu 6, mdogo kama punje ya ulezi. Huyu hupanda juu ya mbwa, hunyonya damu kwa siku chache, kisha hudondoka na kujificha ili ajivue ngozi. Anapojitokeza tena ana miguu 8, lakini bado hajakomaa. Hupanda juu ya mbwa mara ya pili, hunyonya kwa muda wa kama wiki moja, hudondoka tena na kujificha. Mara ya tatu hutoka akiwa kupe mkomavu. Jike hupanda, hunyonya wiki moja hadi tatu, huvimba kama punje ya harage, kisha hudondoka, hutafuta ufa na kutaga mayai. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi kufikia 4,000, kisha hufa.

Katika hali ya joto, safari hii yote yaweza kukamilika kwa miezi miwili hadi mitatu. Tena kupe mkomavu aliyejificha mahali pazuri anaweza kukaa zaidi ya mwaka mmoja bila kula, akimsubiri mbwa apite.

2. Kwa nini kumwogesha mbwa peke yake hakutoshi

Tufanye hesabu rahisi. Kupe mmoja humpanda mbwa mara tatu tu katika maisha yake, na kila mara hukaa siku chache au wiki chache. Muda mwingine wote yuko chini: anaanguliwa, anajivua ngozi, anataga au anasubiri. Kwa hiyo siku unayomwogesha mbwa, unawaua wale tu waliokuwa mezani siku hiyo. Walioko kwenye nyufa hawajaguswa. Kesho wengine watapanda, na wiki ijayo mayai mengine yataanguliwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kupe msemo huu ni wa kweli kabisa, maana ufa ndio nyumba yake.

Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba kupe huyu hupenda kupanda juu. Anayetafuta sakafuni peke yake hataona wengi. Tazama pia kwenye fremu za milango na madirisha, nyuma ya picha na kalenda, kwenye mikunjo ya mapazia, mahali ukuta unapokutana na dari, na chini ya bati la banda la mbwa.

3. Kumwondoa kupe kwa mkono

Kila jioni mkague mbwa wako. Anza na masikio, ndani na nje, kisha shingo, makwapa, katikati ya vidole na chini ya mkia. Kazi hii haina gharama, nayo hupunguza idadi ya majike yatakayotaga.

Ili kumtoa kupe aliyeng'ang'ania:

(i) Tumia kibano chenye ncha nyembamba. Kama huna, vaa glavu au funika vidole kwa karatasi au kipande cha nailoni.
(ii) Mshike karibu kabisa na ngozi, upande wa kichwa, si tumboni.
(iii) Mvute polepole kwa nguvu iliyo sawa, bila kumzungusha wala kumkata.
(iv) Safisha mahali hapo kwa maji na sabuni au spiriti, nawe unawe mikono.
(v) Mtumbukize kupe kwenye kichupa chenye spiriti. Usimpasue kwa kucha, kwa sababu damu iliyomo ndani yake inaweza kuwa na vimelea.

Usimchome kupe kwa kijinga cha moto wala kumpaka mafuta ya taa akiwa bado amejishika. Kupe aliyesumbuliwa hivyo aweza kutapika mate yake ndani ya jeraha, na pamoja nayo vimelea vya ugonjwa.

Tunasisitiza pia kuwa oili chafu ya gari, mafuta ya taa na ugoro si dawa ya kupe. Oili na mafuta ya taa huunguza ngozi, na mbwa akijiramba humeza sumu. Ugoro nao una sumu ya tumbaku inayopenya kwenye ngozi.

4. Kuchagua dawa

Muulize afisa mifugo wa kata au mtaalamu wa duka la dawa za mifugo kabla ya kununua. Mweleze una wanyama gani nyumbani, wana umri gani, na kama kuna watoto wadogo. Dawa zinazopatikana ni za namna kadhaa:

*Dawa za kuogesha zenye amitrazi.* Hizi ni za kawaida na bei yake ni nafuu. Zinafaa kwa mbwa wakubwa wenye afya. Zisitumike kwa paka wala kwa watoto wa mbwa. Mwenye ugonjwa wa kisukari asiishike dawa hii. Amwachie mtu mwingine kazi hiyo.

*Dawa za jamii ya pairethroidi, kama pamethrini na delitamethrini.* Huua kupe wa mbwa na wa ng'ombe. Lakini paka hawawezi kuzihimili, na pamethrini ni mbaya kwao kuliko zote. Paka aliyeipata hutetemeka, hupata degedege na anaweza kufa. Dawa hizi huua pia samaki na nyuki.

*Fipronili, ya kunyunyizia au matone ya shingoni.* Zipo za mbwa na zipo za paka, usibadilishane. Isitumike kabisa kwa sungura.

*Vidonge vya kutafuna na kola zenye dawa.* Bei yake ni kubwa zaidi, lakini vipo vidonge vinavyomkinga mbwa kwa mwezi mmoja, na vingine kwa miezi kama mitatu. Kaya yenye mbwa mmoja ikipiga hesabu ya dawa, maji na muda wa kuogesha, inaweza kuona kuwa tofauti ya gharama si kubwa kama ilivyodhani.

Kwa watoto wa mbwa wadogo sana na kwa mbwa anayenyonyesha, endelea kuwatoa kupe kwa mkono mpaka mtaalamu akuelekeze.

5. Kupima na kutumia dawa kwa usalama

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Katika masoko mengi dawa ya kuogeshea ng'ombe huuzwa kwa kupimwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Chupa hiyo haina lebo, haina tarehe ya mwisho wa matumizi, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na kinywaji. Tunawaomba wasomaji wetu wasinunue dawa ya namna hiyo hata kama bei ni ndogo. Nunua chupa ndogo iliyofungwa kiwandani, yenye lebo.

Soma lebo kabla ya kufungua. Tuchukue mfano: lebo inasema mililita 2 kwa kila lita 1 ya maji. Mbwa wawili wanatosha kwa lita 5. Basi dawa inayohitajika ni 2 × 5, yaani mililita 10. Kwa ndoo ya lita 10 itakuwa mililita 20. Huu ni mfano wa hesabu tu. Kipimo cha dawa yako ni kile kilichoandikwa kwenye lebo yake. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na bomba hilo liwe la kazi hiyo tu. Kifuniko cha chupa si kipimo.

Dawa ikizidishwa mara mbili haiui kupe mara mbili. Humdhuru mbwa na anayemwogesha. Ikipunguzwa nayo huwaacha kupe wenye nguvu wakiwa hai, nao huzaa kizazi sugu.

Siku ya kuogesha fuata hatua hizi:

(i) Mwoshe mbwa kwanza kwa sabuni ya kawaida ili kutoa vumbi na mafuta, umsuuze na umwache akauke kidogo.
(ii) Vaa glavu na nguo za mikono mirefu. Fanya kazi nje, mahali penye hewa. Watoto wawe mbali.
(iii) Mpake dawa kwa sponji, kuanzia shingoni kwenda nyuma, bila kusahau vidole na chini ya mkia. Kichwani tumia kitambaa kilichokamuliwa, na dawa isiingie machoni wala mdomoni.
(iv) Kama lebo haikusema umsuuze, usimsuuze. Mzuie asijirambe mpaka akauke.
(v) Dawa iliyochanganywa itumike siku hiyohiyo. Usimwage mabaki kwenye mfereji, kisima au mto, kwa kuwa jirani wa chini anachota maji hayo.
(vi) Chupa tupu isitumike kuwekea maziwa, maji wala mafuta ya taa. Itoboe na muulize afisa mifugo mahali pa kuiteketeza au kuizika.

Mtu akinywa dawa au akizidiwa baada ya kuishika, usimlazimishe kutapika. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha mkimbize hospitalini pamoja na chupa au lebo ya dawa hiyo. Lebo itamsaidia mganga kujua cha kufanya.

6. Kuisafisha nyumba, banda na uwanja

Kazi hii ifanyike siku ileile anayoogeshwa mbwa. Ukiahirisha, kupe wa bandani watampanda mara tu dawa itakapopungua nguvu.

*Ndani ya nyumba.* Toa vitu vyote vilivyoegemezwa ukutani. Fagia kuanzia juu kwenda chini, na takataka zote zichomwe. Usizitupe nyuma ya nyumba. Matambara na magunia anayolalia mbwa yachemshwe au yachomwe moto. Ziba nyufa za ukuta na sakafu kwa saruji, na kama ni nyumba ya udongo, kandika upya na usawazishe vizuri. Ukilazimika kunyunyiza dawa ya nyumba, chagua ile iliyosajiliwa kwa matumizi ya ndani. Ondoa kwanza vyakula, mitungi ya maji, vyombo, watoto na paka, na msirudi mpaka ikauke.

*Banda la mbwa.* Mimina maji yanayochemka kwenye maungio ya mbao na kona zote. Banda lenye sakafu laini ya saruji, au lililoinuliwa juu ya miguu, husafishika kwa urahisi kuliko lile la magunia na mbao kuukuu. Lisiegemee ukuta wa chumba cha kulala.

*Uwanja.* Fyeka majani marefu karibu na nyumba, ondoa lundo la mawe na mbao. Kuku hudonoa kupe na ni msaada mzuri, lakini wasiachiwe mahali palipotoka kunyunyizwa dawa.

7. Ratiba ya miezi mitatu

Kwa kuwa mayai na kupe waliojificha hawafi siku moja, tunashauri kaya iandike ratiba na kuibandika mlangoni:

- Siku ya kwanza: ogesha mbwa wote, safisha nyumba, banda na uwanja.
- Kila jioni: kagua mbwa na utoe kupe kwa kibano.
- Kila wiki: fagia kona na nyufa, chemsha matandiko ya mbwa, mwaga maji ya moto bandani.
- Kila wiki moja au mbili, kama lebo inavyoelekeza: rudia dawa ya mbwa.
- Mwisho wa kila mwezi: hesabu kupe uliowatoa wiki hiyo na uandike. Idadi ikishuka, endelea. Isiposhuka, tafuta mahali ulipopasahau, au muulize afisa mifugo kuhusu kubadili aina ya dawa.

Usiache ratiba mwezi wa pili kwa sababu kupe hawaonekani. Huo ndio wakati kizazi kipya kinajivua ngozi ndani ya nyufa.

8. Afya ya mbwa na ya familia

Kupe wa mbwa hueneza magonjwa ya damu. Mbwa akikosa hamu ya kula, akiwa na homa, fizi zikipauka, akitokwa damu puani au akikojoa mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa, apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema. Usimdunge sindano kwa kukisia.

Tunaulizwa pia kama mbwa ndiye anayewaletea ng'ombe ndigana kali. Jibu ni hapana. Ndigana kali huenezwa na kupe wa masikio wa kahawia, aliyeupata ugonjwa kwa kunyonya damu ya ng'ombe au nyati mwenye vimelea. Mbwa habebi vimelea hivyo. Ng'ombe wana mpango wao wa kuogeshwa, nao usiachwe.

Tusichanganye pia kupe na papasi. Papasi ni jamii ya kupe mwenye ngozi laini anayeishi kwenye sakafu na kuta za udongo. Hutoka usiku, hunyonya watu waliolala kwa muda mfupi, kisha hurudi ufani kabla ya kupambazuka. Hueneza homa ya papasi, ambayo hapa kwetu imejulikana sana katika mkoa wa Dodoma. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki huko Kongo kwa homa hiyo alipokuwa akiichunguza. Homa hupanda kwa siku kadhaa, hutulia, kisha hurudi tena, nayo ni ya hatari kwa wajawazito na watoto wachanga. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha vijidudu vyake. Kwa hiyo homa inayojirudia ikiwa kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mweleze mganga kwamba nyumbani kuna papasi au kupe, ili damu ipimwe kwa darubini. Sakafu ya saruji, kitanda kilichoinuka na chandarua kilichochomekwa vizuri hupunguza hatari hiyo.

9. Tushirikiane na majirani

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kaya moja ikisafisha na jirani asisafishe, mbwa wanaozurura usiku watarudisha kupe. Tunashauri kaya zinazopakana zichague siku moja ya kuogesha mbwa wote, zimwalike afisa mifugo, na ikiwezekana siku hiyo mbwa wapate pia chanjo ya kichaa cha mbwa. Kikundi kinaweza kuchangia glavu, sponji, bomba la kupimia na chupa moja halali yenye lebo, ikae kwa mtu mmoja ndani ya kabati linalofungwa. Hapo hakuna atakayehitaji kununua dawa kwenye chupa ya soda.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja sehemu tano ndani ya nyumba yako ambako kupe anaweza kujificha. Ni lini mara ya mwisho ulizikagua?
2. Lebo inasema mililita 4 kwa lita 1 ya maji. Unahitaji lita 3. Utapima dawa kiasi gani?
3. Katika kaya zetu dawa za mifugo huwekwa wapi? Je, mtoto wa miaka mitatu anaweza kuzifikia?
4. Nyumba yenye paka na mbwa ichague dawa gani, na iepuke ipi? Kwa nini?
5. Ni majirani gani tutaanza nao, na siku gani?

Jibu la swali la pili ni mililita 12. Vikundi vitakavyoandika hesabu ya kupe kila mwezi vilete daftari lao kwenye mkutano ujao, ili tujifunze pamoja mahali palipofanikiwa na mahali kupe bado wamejificha. Tunawatakia kazi njema.